SOMO LA KAZI YA USIKU: KABLA YA KUSEMA "UZEMBE", ULIZA SAA



Somo letu la safari hii ni juu ya kazi ya usiku, na mfano nitakaoutumia ni wa muuguzi wa hospitali. Najua wapo watakaouliza: sisi ni watu wa kiwanda na wa shamba, tunakata miwa, tunachuma chai, tunachochea moto wa boila, mambo ya wauguzi yanatuhusu nini? Nawaomba msome mpaka mwisho, kisha myajibu pamoja maswali yaliyoko chini katika mkutano wa tawi.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Manibe, kaskazini ya mji wa Arua. Watu wa West Nile wamekuwa wakienda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa tangu enzi za ukoloni, na mimi nilifuata njia hiyo hiyo nikiwa kijana. Nilifanya kazi katika kiwanda cha sukari miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa zamu ya usiku, upande wa boila. Mwaka 2016 nilirudi nyumbani kwa sababu mama yangu aliugua sana malaria na kupungukiwa damu. Tulimlaza katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina, maana shida niliyoiona pale iko katika hospitali nyingi.

Usiku wa pili, yapata saa tisa, niliamka kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama. Nikamulika kwa tochi ya simu. Chupa ya dripu ilikuwa imekwisha, na damu ilikuwa imeanza kupanda katika mpira. Nilikimbia kumtafuta sista. Nilimkuta mwisho wa wodi, amekaa mezani, kichwa kimelala juu ya mkono, kalamu bado iko vidoleni. Nikampigia kelele mbele ya wagonjwa wote: "Sista! Unalipwa kulala?"

Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Pole kaka, nakuja." Alifunga mpira, akatundika chupa nyingine, akatazama macho ya mama na viganja vyake, kisha akapita kitanda hadi kitanda kuangalia dripu za wengine. Mimi nilibaki pale mezani nikitetemeka kwa hasira. Nikatazama daftari alilokuwa akiandika. Alikuwa ameanza kuandika jina la dawa. Katikati ya neno kalamu ilikuwa imeteleza ikachora mstari mrefu mpaka ukingoni mwa karatasi.

Mstari ule niliujua. Katika daftari la boila, mahali pa kuandika presha ya mvuke kila saa, mimi mwenyewe nilikuwa nimechora mistari kama ile mara nyingi.

Na nilikumbuka jambo jingine. Miaka michache kabla ya hapo, mwenzangu mmoja wa zamu alipoteza vidole vitatu katika mnyororo wa mashine, saa kumi alfajiri, usiku wa kumi mfululizo. Asubuhi tuliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa kwamba sababu ya ajali ni uzembe wa mfanyakazi. Mimi nilikuwa shahidi. Nilikuwa na usingizi, nilitaka kwenda kulala, nikatia sahihi. Hakuna aliyeuliza mtu yule alikuwa amefanya kazi saa ngapi. Alirudi kwao bila kazi na bila fidia.

Ndiyo maana naandika somo hili. Neno nililolitia sahihi juu ya mwenzangu ndilo nililompigia kelele yule sista. Mara zote mbili sikuuliza swali lililotakiwa: huyu alianza kazi saa ngapi?

1. MWILI UNA SAA YAKE

Watu wengi husema kazi ya usiku ni mazoea. Husema mgeni huteseka juma la kwanza, kisha mwili huzoea. Jambo hili si kweli, na wataalamu wameeleza sababu yake.

Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo sana ambayo ni kama saa ya mwili. Saa hiyo hufuata mwanga wa jua. Giza likiingia, mwili hutoa kemikali iitwayo melatonini ambayo huleta usingizi. Joto la mwili hushuka. Tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Jua likichomoza, mambo hayo hugeuka. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya viumbe.

Sasa mtazame muuguzi anayetoka kazini saa mbili asubuhi. Anatembea katika jua. Jua linaiambia saa yake kwamba kumekucha. Anafika nyumbani na kujilaza, lakini mwili umekwisha amka. Atalala saa nne au tano, usingizi mwepesi, jogoo akiwika ameamka. Jioni anarudi kazini na deni. Usiku wa pili deni linaongezeka, na wa tatu vile vile. Katika siku yake ya mapumziko anajaribu kuishi mchana kama watu wengine, na saa ya mwili inarudi pale ilipokuwa. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi ya usiku miaka ishirini na mwili wake usizoee. Anachozoea ni kuchoka.

Madhara ya muda mrefu nayo yamechunguzwa. Wanaofanya kazi ya usiku kwa miaka mingi hupata zaidi ugonjwa wa sukari, matatizo ya moyo na maradhi ya tumbo. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo yaelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ilichunguza tena na kuiacha kazi ya usiku katika kundi hilo hilo. Huko Denmark serikali ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba karibu wanawake 40 waliopata saratani ya matiti baada ya kufanya kazi ya usiku kwa miaka mingi, wengine wao wauguzi, walikubaliwa kulipwa fidia kama watu walioumia kazini.

2. SAA TISA MPAKA SAA KUMI NA MOJA

Kila aliyefanya kazi ya usiku anazijua saa hizi. Mwili uko baridi, macho yana mchanga, sauti za watu zinakuja kutoka mbali. Hapo mtu anaweza kulala akiwa amesimama na macho yako wazi, kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, na yeye mwenyewe asijue.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliwapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye kiasi cha pombe katika damu ambacho nchi nyingi humkamata dereva nacho. Basi tuhesabu. Mtu aliyeamka saa moja asubuhi kupika na kupeleka watoto shule, kisha akaingia kazini saa mbili usiku, saa zake 17 zinatimia saa sita usiku. Bado ana saa nane za kupima dawa au kulinda mashine.

Ajali mbili kubwa za viwanda zilizojulikana dunia nzima zilitokea katika zamu ya usiku. Gesi ya sumu ya Bhopal, India, ilitoka usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 ikaua maelfu ya watu. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 za usiku. Mitambo yenyewe ilikuwa na kasoro, na sisemi usingizi pekee ndio uliosababisha. Lakini kasoro ambayo mchana watu kumi wangeiona, usiku inamkabili mtu mmoja au wawili waliochoka.

3. MZIGO WA MUUGUZI WA USIKU

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuupime basi mzigo huu vizuri.

Kwanza, yuko peke yake. Mchana kuna madaktari, wauguzi kadhaa, wanafunzi, mfamasia, watu wa maabara. Usiku wodi nzima huachiwa muuguzi mmoja, pengine na msaidizi mmoja. Yule sista niliyempigia kelele alikuwa na wagonjwa 46 usiku ule. Wawili walikuwa wanawekewa damu, na mtu anayewekewa damu anatakiwa kuangaliwa kila baada ya muda mfupi.

Pili, giza. Sisi wa West Nile hatukuunganishwa na umeme wa taifa mpaka mwaka 2024. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta, na tangu 2012 mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5 kwa eneo zima. Umeme ukikatika, wauguzi walitafuta mishipa ya watoto kwa tochi ya simu iliyoshikwa na meno. Hata leo umeme wa taifa nao hukatika, na wodi isiyo na taa ya akiba inarudi kule kule.

Tatu, sindano. Mkono uliochoka hujichoma. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa inaweza kuleta UKIMWI au homa ya ini aina B, na West Nile pamoja na Kaskazini ni kati ya sehemu za Uganda zenye homa hiyo ya ini kwa wingi. Mtu akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa mara moja, na aanze dawa za kinga ya UKIMWI mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Usiku mara nyingi hukuta kabati la dawa limefungwa na mwenye ufunguo amelala kwake.

Nne, hatari zinazokuja ghafla. Jirani zetu wa Gulu wanalikumbuka jambo la mwaka 2000, Ebola ilipoingia. Watu 425 waliugua na 224 wakafa. Katika hospitali ya Lacor wauguzi kadhaa walikufa kwa sababu ya kuwahudumia wagonjwa. Novemba ya mwaka huo, kabla ya kupambazuka, mgonjwa mmoja aliyekuwa naye ni muuguzi alichanganyikiwa akatoka kitandani huku akivuja damu. Wauguzi wa zamu waliogopa, wakamwita daktari mkuu, Matthew Lukwiya. Alitoka usingizini, akavaa kanzu, barakoa na glovu, lakini hakuvaa kinga ya macho. Inaaminika ndipo alipoambukizwa. Alikufa tarehe 5 Desemba 2000. Yeye ndiye aliyekuwa amewafundisha wengine namna ya kuvaa. Hakuna mtu anayeweza kumwita daktari yule mzembe. Saa ile ya usiku humnyang'anya kitu kimoja hata mtu aliye hodari kuliko wote.

Tano, zamu ya pili iko nyumbani. Wauguzi wengi ni wanawake. Asubuhi ile nilimkuta yule sista langoni akitafuta boda boda. Kumbe naye alikuwa anakwenda upande wa Manibe. Tukatembea pamoja. Aliniambia alianza kazi saa nane mchana wa jana yake. Mwenzake wa usiku hakufika kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa, na hakuna mtu mwingine aliyetumwa, hivyo alibaki. Saa kumi na nane. Nyumbani walimngoja watoto watatu, maji ya kuteka na muhogo wa kumenya. Atalala saa nne asubuhi mpaka saa nane, akijaliwa.

Nilimwomba radhi. Akanijibu: "Kaka, wewe uliniamsha. Mimi naogopa usiku nitakaolala na asiwepo mtu wa kuniamsha."

4. DAWA ZA UONGO

Kuna dawa nyingi za usingizi zinazouzwa karibu na milango ya viwanda, na sisi sote tunazijua.

Mairungi yanafukuza usingizi usiku, kisha yanafukuza usingizi wa mchana pia, na deni linakua. Waragi asubuhi "ili nilale" humwangusha mtu haraka, lakini usingizi wake hauna mapumziko, na baada ya saa mbili mtu ameamka na kiu. Chai ya rangi au kahawa ni nzuri mwanzoni mwa zamu. Ukiinywa saa kumi alfajiri utakuja kukesha saa tatu asubuhi kitandani mwako.

Na dawa ya uongo iliyo kubwa kuliko zote ni maneno: "Mwanamume hachoki", au kwa wauguzi, "Kazi hii ni wito." Kazi ya kuuguza ni wito kweli. Lakini mtu mwenye wito naye ana saa ya mwili ile ile, na wito wake usitumiwe kuziba nafasi ya muuguzi wa pili ambaye hakuajiriwa.

5. HESABU YA SAA

Hapa chukueni kalamu na karatasi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi ya juma isizidi saa 48. Kwa makubaliano inaweza kuongezwa, lakini isipite saa 10 kwa siku na 56 kwa juma. Kwa wanaofanya zamu, siku moja au juma moja linaweza kuzidi, ila wastani wa majuma matatu usipite saa 10 kwa siku au 56 kwa juma. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na za sikukuu za serikali mara mbili. Baada ya siku sita za kazi mtu apate saa 24 mfululizo za mapumziko.

Sasa mtu anayeingia saa mbili usiku na kutoka saa mbili asubuhi, usiku sita kwa juma:

Saa 12 × usiku 6 = saa 72 kwa juma.
Kwa majuma matatu: 72 × 3 = saa 216.
Kikomo cha majuma matatu: 56 × 3 = saa 168.
Zilizozidi: 216 – 168 = saa 48.

Saa hizo 48 ni juma zima la kawaida la kazi, limeingizwa ndani ya majuma matatu. Mtu yule yule akifanya usiku nne kwa juma, anapata 12 × 4 = saa 48, na sheria imetimia. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni usiku mbili kwa juma, ambazo ni lazima aajiriwe mtu mwingine kuzifanya. Ndiyo maana orodha ya zamu huwa ngumu kuijadili: ndani yake mna mshahara wa mtu ambaye hajaajiriwa.

Kila mmoja aandike saa zake katika daftari lake mwenyewe, kila siku, alizoingia na alizotoka. Orodha ya ofisini inaweza kubadilishwa. Daftari lako linabaki kwako.

6. MAMBO YA KUDAI

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya wauguzi mwaka 1977, pamoja na mapendekezo yake. Mapendekezo hayo yanasema siku ya kazi ya muuguzi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12; kati ya zamu na zamu apumzike saa 12 mfululizo; na mapumziko ya juma yasipungue saa 36. Mwaka 1990 Shirika hilo lilipitisha mkataba mwingine juu ya wafanyakazi wa usiku. Unataka wapimwe afya, wawe na huduma ya kwanza, na mwanamke mjamzito apewe kazi nyingine badala ya ya usiku kwa muda usiopungua majuma 16, nane yakiwa kabla ya kujifungua.

Jirani zetu wa Tanzania wameandika katika sheria yao ya ajira ya mwaka 2004 kwamba usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwetu Uganda nyongeza ya usiku tuitafute katika mapatano kati ya chama na mwajiri. Basi iingizwe katika mapatano.

Mambo ambayo tawi lolote, la hospitali, kiwanda au shamba, linaweza kuyaweka mezani ni haya:

(a) Usiku mfululizo zisizidi tatu au nne, kisha mapumziko ya kweli.
(b) Zamu zizunguke kwa kwenda mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha.
(c) Mtu asifanye zamu mbili mfululizo. Awepo mtu wa akiba anayejulikana kwa jina, wa kuitwa mwenzake asipofika.
(d) Asiwepo mtu wa peke yake mahali penye hatari, iwe wodi, boila au mashine ya kusaga miwa.
(e) Mapumziko mafupi ya dakika 20 ya kulala kwa zamu, mwenzako akikushikia. Ukiamka, ngoja dakika chache kabla ya kupima dawa au kugusa swichi.
(f) Taa ya akiba, chai na chakula chepesi, askari mlangoni, na usafiri wa kurudi nyumbani.
(g) Chanjo ya homa ya ini aina B kwa wanaoshika damu, sindano tatu zote, na dawa za kinga ziwe mahali panapofunguka usiku.

Katika kiwanda nilichofanya kazi hatukupata yote. Tulipigania mawili tu, (a) na (d), na ilichukua karibu mwaka mmoja. Tulikwenda ofisini na madaftari yetu ya saa, watu kumi na mmoja. Siku tulipokuwa na maneno matupu tulirudishwa. Siku tulipokuwa na hesabu tulisikilizwa.

7. MAMBO YA KUFANYA SISI WENYEWE

Mengine hayamngoji mwajiri.

Kama mwenzako wa nyumbani anafanya kazi ya usiku, chumba chake kiwe na giza mchana. Kitenge kizito dirishani kinatosha. Watoto wacheze mbali. Jirani mwenye redio aombwe kwa upole. Mume ambaye mke wake ni muuguzi ateke maji asubuhi ile. Hakuna sheria ya mila inayosema maji yatamkataa. Mgeni asimwamshe mtu "kwa salamu tu".

Kabla ya usiku wa kwanza wa zamu, lala saa moja na nusu mchana. Kula chakula kikuu kabla ya kuingia kazini, na usiku kula kidogo. Mnapokabidhiana zamu msikimbie: muuguzi ataje mgonjwa aliye mahututi kitanda kwa kitanda, fundi ataje mashine iliyokuwa inagonga. Mengi hupotea katika dakika hizo tano.

Ukiwa na mgonjwa wodini usiku, uliza mapema chupa itakwisha saa ngapi, uitazame, na umwite muuguzi kabla haijakwisha, kwa adabu. Usiifunge wala kuibadilisha mwenyewe.

Na mwishoni mwa Mei 2022, chama cha wauguzi na wakunga wa Uganda kilipogoma kudai nyongeza ya mishahara iliyoahidiwa, wengi wetu tuliwalaumu kwa kuwaacha wagonjwa. Ilikuwa haki kuwaonea wagonjwa huruma. Lakini tujiulize pia nani amewaacha wagonjwa, kila usiku wa mwaka, na muuguzi mmoja kwa vitanda 46.

8. NENO LA MWISHO

Fikirini njia ambayo ajali hupita. Mfanyakazi wa kiwanda aliyechoka anaumia saa kumi alfajiri. Anabebwa nyuma ya gari mpaka hospitali. Anayempokea ni muuguzi aliyechoka kama yeye, saa ile ile. Uchovu mmoja unakabidhiwa kwa uchovu mwingine. Kwa hiyo orodha ya zamu ya wauguzi ni sehemu ya usalama wetu kazini, kama ilivyo kofia ngumu na kizibo cha mnyororo.

Juu ya yule mwenzangu wa vidole vitatu, nilikuja kujifunza baadaye, nilipoanza kazi ya chama, kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inataka fidia ilipwe hata kama kuumia au kufa kumetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Yaani hata ile karatasi niliyoitia sahihi haikutosha kumnyima haki yake. Hakujua, wala mimi sikujua. Nilimtafuta kwao nikamwambia, lakini miaka ilikuwa imepita na karatasi hazikuwepo. Tulikaa chini ya mwembe wake tukanywa chai. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiletewa karatasi ya ajali muitie sahihi, shikeni kalamu mkononi na mwulize kwanza: alianza kazi saa ngapi? Ni usiku wake wa ngapi mfululizo? Alikuwa na nani? Majibu hayo yaandikwe katika karatasi hiyo hiyo, ndipo mtie sahihi. Na mkimkuta muuguzi amelala juu ya daftari, mwamsheni, maana mgonjwa hawezi kungoja. Kisha mwulizeni maswali hayo hayo matatu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kila mmoja ahesabu saa alizofanya katika majuma matatu yaliyopita. Ni wangapi wamepita saa 168?
2. Katika mahali penu pa kazi, ni nani anayefanya kazi peke yake usiku? Ni hatari gani inaweza kumpata bila mtu kujua?
3. Kumbukeni ajali moja iliyoandikwa "uzembe". Ilitokea saa ngapi? Aliyeumia alikuwa amefanya kazi muda gani?
4. Kati ya mambo (a) mpaka (g), chagueni mawili ya kuanza nayo. Kwa nini hayo?
5. Hospitali iliyo karibu nanyi ina wauguzi wangapi usiku katika wodi moja? Tumeni watu wawili wakaulize kwa heshima, na walete jibu katika mkutano ujao.